Chama cha wafanyabiashara kinamwezesha mdogo kuuza nje ya nchi, au wanaouza nje ndio wanaojiunga?

#1 NgoziNaUzi
Habari wakuu. Natengeneza mikoba na mikanda ya ngozi, karakana nzima tuko watu 9. Kwa miaka mitatu nimeuza nje mara mbili tu, na zote mbili mnunuzi nilimtafuta mwenyewe mtandaoni. Sasa chama cha watengenezaji wa bidhaa za ngozi kimenifuata: kiingilio, ada ya mwaka na mchango wa maonyesho. Katibu wao ananiambia wanachama wengi wanauza nje, na walio nje ya chama karibu wote wanauza ndani tu.

Tangu hapo sijalala vizuri. Je, chama ndicho kilichowafungulia njia, au ni watu waliokwisha kuifungua wenyewe ndio wanaoona maana ya kulipa ada? Nikilipa na jibu likawa hilo la pili, nitakuwa nimelipia picha ya pamoja.

Nataka kusikia wenye uzoefu, na wenye mifano ya nchi nyingine zinazoinukia kiuchumi pia. Watu wa sekta yoyote karibuni.

#2 Mzee wa Kontena
Lipa, ingia. Mdogo peke yake hajazi kontena. Hiyo ni hesabu ya ujazo tu, haihitaji falsafa.

#3 Mhasibu07
Mkuu #1, swali lako ndilo swali lenyewe. Ukienda kambi ya wakimbiaji utakuta wote wana mbio, lakini huwezi kusema kambi ndiyo iliyowapa miguu. Mwenye oda za nje anahitaji taarifa za forodha, anahitaji vyeti, anahitaji kuonekana kwenye orodha, kwa hiyo anajiunga. Anayeuza ndani hana cha kufuata huko.

Muulize katibu swali moja: wale waliojiunga bila kuwahi kuuza nje hata mara moja, wangapi wanauza leo, na iliwachukua muda gani? Akikupa hiyo, utakuwa na kitu mkononi. Hesabu aliyokupa haitenganishi sababu na matokeo.

#4 Bi_Shanga
Nimepitia hapo hapo unapopasema, kaka NgoziNaUzi. Nauza mapambo ya shanga. Nilijiunga sijawahi kutuma hata bahasha nje. Mwaka wa kwanza chama kikatupeleka maonyesho ya nje, wanachama sita banda moja, gharama tukagawana. Siku tatu nimesimama, kadi nimegawa hadi zikaisha, oda hakuna. Nilirudi nimekata tamaa kabisa.

Miezi minane baadaye yule dada aliyekuwa amesimama kushoto kwangu kwenye banda, mwanachama mwenzangu, alipata oda kubwa kuliko uwezo wake. Akanipigia, tukagawana. Mnunuzi akaipenda kazi yangu, na oda iliyofuata akaniletea mimi moja kwa moja, kwa ruhusa ya huyo dada. Hadi leo ndiye mteja wangu mkuu.

Kwa hiyo nikiulizwa kama chama kilinisaidia, nasema ndiyo. Ila si kwa njia waliyoniuzia.

#5 Mhasibu07
Bi_Shanga, mfano wako umenigusa kwa sababu ulianza ukiwa huna kitu. Niruhusu swali: huyo dada mngeweza kufahamiana bila chama?

#6 Bi_Shanga
Hapana. Anaishi mbali, na kabla ya hapo nilimhesabu kama mshindani. Siku tatu kwenye banda moja mnaazimana maji, mnaazimana hata lugha, ndizo zilizotufanya tuaminiane.

#7 Jicho_la_Tatu
Mnaizungumzia hii kama jambo la kadi na mabanda. Tazameni Sialkot, Pakistan. Mji wa viwanda vidogo na karakana: vifaa vya upasuaji, mipira, glovu, bidhaa za ngozi. Mipira ya Kombe la Dunia 2014, ile Brazuca, ilitengenezwa huko. Mji uko mbali na bahari, na serikali ikawajengea uwanja wa ndege wa kimataifa kwa sababu chemba yao ya biashara ina sauti. Hiyo ndiyo kazi ya chama: kuisukuma serikali.

#8 Wakala_wa_Shehena
Nakurekebisha #7, na marekebisho yanaipa hoja yako nguvu zaidi. Uwanja wa Sialkot haukujengwa na serikali. Wafanyabiashara wa mji wenyewe walichanga wakaujenga, ukaanza kazi 2007. Kabla ya hapo, katikati ya miaka ya 1980, walikuwa wameanzisha bandari kavu yao ili mzigo umalize taratibu za forodha hapo hapo mjini, usisubiri bandarini Karachi. Na mwaka 2020 wafanyabiashara hao hao wakarusha shirika la ndege, AirSial.

Kwa mtu wa shehena kama mimi, hilo ni kubwa kuliko maonyesho yote. Mzigo wa mdogo unaliwa na siku za kusubiri. Mkubwa anatuma kontena kumi, gharama ya karatasi anaigawanya kwa kumi. Mdogo anatuma katoni nne na karatasi ni zile zile. Chochote kinachopunguza siku na karatasi kinamsaidia mdogo kuliko mkubwa, hata kama mdogo hakuwahi kuhudhuria kikao.

#9 Jicho_la_Tatu
Asante kwa kunirekebisha. Nimejifunza.

#10 Mhasibu07
Ila Sialkot ilikuwa inauza nje kabla ya bandari kavu na kabla ya uwanja. Walichanga kwa sababu tayari walikuwa na fedha za mauzo ya nje. Tunarudi kwenye wakimbiaji na miguu yao.

#11 Katibu_Mstaafu
Nimesoma yote kimya, sasa niseme. Nilikuwa katibu wa chama kimoja cha wauzaji nje kwa miaka 11. Sitakitaja, na nchi siitaji.

Chama chetu kilikuwa na wanachama zaidi ya mia. Wanachama kumi walilipa zaidi ya nusu ya bajeti. Nikiandaa ajenda, nilijua simu ya nani nikiikosa mshahara wangu utachelewa. Mjumbe mdogo akilalamika kwamba maabara inatoza sawa kwa sampuli ya kilo tano na shehena ya tani ishirini, tuliandika kwenye muhtasari. Mkubwa akilalamika kuhusu ushuru wa mashine fulani, tuliandika barua kwa waziri siku hiyo hiyo. Hakuna aliyeniagiza nifanye hivyo. Nilijikuta nafanya, na inaniuma hadi leo.

Upande mwingine kuna kitu tulikifanya ambacho hakionekani kwenye hesabu ya Mhasibu07. Tulipigania marejesho ya kodi ya ongezeko la thamani kwa wauzaji nje, yaliyokuwa yanachelewa mwaka mzima na zaidi. Vikao visivyo na idadi. Mwishowe utaratibu ukabadilika, na muuzaji nje mwenye karatasi safi akaanza kulipwa kwa miezi michache. Walionufaika ni wote, pamoja na wale ambao hawakuwahi kulipa ada hata siku moja. Sasa mtu akilinganisha mwanachama na asiye mwanachama ataona wako sawa, aseme chama hakina faida. Kumbe faida imevuja ikawafikia wote.

#12 Mhasibu07
Mzee Katibu, hapo umenibana. Ni kweli: kujichagua (wanaouza nje tayari ndio wanaojiunga) kunaifanya faida ionekane kubwa kuliko ilivyo, na kuvuja kunaifanya ionekane ndogo. Mambo mawili yanavuta kinyume, na ukitazama orodha ya wanachama tu huwezi kujua lipi limeshinda. Nakubali nilisema kwa uhakika uliozidi kwenye #3.

#13 MamaKiwanda
Mnasahau kwamba sehemu nyingine hakuna kuchagua. Mimi nashona nguo kwa kandarasi. Bangladesh, kiwanda cha nguo kinachotaka kutumia kitambaa kilichoingizwa bila ushuru ili kishone na kuuza nje lazima kipate tamko la matumizi ya malighafi, na wanaolitoa ni vyama vyenyewe: BGMEA kilichoanzishwa 1983, na BKMEA cha 1996 kwa upande wa nguo za kufuma. Serikali imewakabidhi kazi hiyo. Huwezi kulipata bila kuwa mwanachama.

Sasa hapo ukisema "wanachama wanauza nje" ni sawa na kusema wenye tiketi ndio walio ndani ya basi. Chama kimegeuka geti.

#14 Mzee wa Kontena
Geti linalofunguka si baya, mama.

#15 MamaKiwanda
Linafunguka kwa aliyelipa, mzee. Mimi mwenye mashine 14 ninayemshonea aliyelipa sihesabiwi popote, ingawa mshono ni wangu. Jengo la Rana Plaza, lenye viwanda vya nguo huko huko Bangladesh, lilipoanguka Aprili 2013, watu 1,134 wakafa, ndipo dunia ilipoanza kuuliza ni nani anayemshonea nani. Makubaliano ya usalama wa majengo yakaja, na wanunuzi wakataka kujua kila kiwanda kilicho kwenye mnyororo. Wengi wa kandarasi hawakuwa kwenye orodha ya chama chochote. Mdogo wa aina yangu anauza nje kila siku bila jina lake kuvuka mpaka.

#16 Wakala_wa_Shehena
Naongeza juu ya mageti. Cheti cha uasilia wa bidhaa, kile kinachosema mali imetoka nchi gani, kwa sehemu kubwa ya dunia hutolewa au hugongwa muhuri na chemba za biashara. Utaratibu wa serikali kuzikabidhi taasisi kama hizo kazi hiyo ulitambuliwa kwenye mkataba wa Geneva wa 1923 kuhusu kurahisisha taratibu za forodha. Miaka mia na ushee.

Lakini tofautisheni na Bangladesh: kwa cheti cha uasilia, chemba nyingi humhudumia hata asiye mwanachama, ila kwa ada kubwa zaidi. Kwa hiyo NgoziNaUzi, kabla hujalipa piga hesabu: unatuma mizigo mingapi kwa mwaka, tofauti ya bei ya cheti ni kiasi gani. Kwa mara mbili katika miaka mitatu, uanachama haulipi kwa njia hiyo peke yake.

#17 Nondo_za_Sheria
Kuhusu kulazimishwa: Mexico ilikuwa na utaratibu wa kila mfanyabiashara kuwa kwenye chemba kwa nguvu ya sheria. Sheria ya 1996 ikaondoa ulazima huo. Wakati wa ulazima, chemba ilikuwa na fedha za uhakika na sababu chache za kumfuata mdogo. Ulazima ulipoondoka, ilibidi chemba ziuze huduma ili mtu aone kitu cha kulipia. Ujerumani hadi leo ni lazima na wanauza nje kama kawaida. Kwa hiyo ulazima peke yake hauelezi kitu.

#18 Katibu_Mstaafu
Nondo, naongeza la ndani. Chama cha hiari kinapouza huduma, kinauza kwa mwenye uwezo wa kununua. Semina ya kulipia, safari ya kulipia, utafiti wa soko wa kulipia. Nimeona chama kikigeuka wakala wa safari. Hiari inakifanya chama kichangamke, kweli, lakini kinachangamka kuelekea kwa nani?

#19 Shamba_Darasa
Naombeni niingize kilimo, huku mdogo anaonekana kwa macho. Mnunuzi mkubwa wa Ulaya anataka cheti cha GlobalGAP, cha kanuni bora za kilimo (zamani kiliitwa EurepGAP, jina lilibadilika 2007). Mkulima mmoja wa nusu ekari hawezi kukilipia. Kuna njia ya cheti cha kikundi: mnajiwekea ukaguzi wa ndani, daftari za dawa, stoo, msimamizi. Mkaguzi wa nje akija hatembelei wote, anatembelea idadi iliyo kipeuo cha pili cha idadi ya wanachama. Kikundi cha wakulima 100, anakagua mashamba 10.

Gharama inagawanyika vizuri sana. Lakini mmoja kati ya wale kumi akikutwa na chupa ya dawa isiyoruhusiwa, cheti cha wote mia kiko hatarini. Nimekaa kwenye kikao cha namna hiyo. Mzee mmoja alisimama akasema, "Mimi sijakosea kitu, kwa nini nilale njaa kwa kosa la jirani?" Hakuna aliyemjibu, na mimi msimamizi sikuwa na jibu.

Kwa hiyo chama si kuunganisha nguvu tu, kinaunganisha na makosa.

#20 Mhasibu07
Huo si ushirika badala ya chama cha wafanyabiashara? Tusichanganye.

#21 Shamba_Darasa
Mpaka kati yao ni mwembamba kuliko unavyodhani. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya ulipoanza kupima asilimia 10 ya shehena za maharage machanga na njegere za maganda kutoka Kenya kwa sababu ya masalia ya viuatilifu, walioitwa mezani ni chama cha wasafirishaji wa mazao nje pamoja na serikali. Mkulima na kikundi chake walikuwa wanasubiri nyuma ya msafirishaji. Msafirishaji akiona hatari imezidi anabaki na mashamba makubwa machache anayoweza kuyasimamia mwenyewe. Nani anamzuia? Chama ni chake.

#22 Jicho_la_Tatu
Hii inanirudisha Sialkot, safari hii kwa tahadhari. 1994 Marekani iliwazuilia vifaa vya upasuaji kwa sababu ya ubora. Chama cha watengenezaji wa vifaa hivyo kikaleta wataalamu, serikali ikachangia, viwanda vikafundishwa taratibu za uzalishaji, na baada ya muda vingi vikarudi sokoni. Kila kimoja kivyake kisingeweza kumlipa mtaalamu.

Halafu 1997, kuhusu ajira ya watoto kwenye kushona mipira, FIFA ikasaini nao makubaliano ya kuondoa watoto.

Naona mkondo: chama kinalala hadi pigo lije, kisha kinaamka. Labda swali si "chama kinasaidia?" bali "kinasaidia lini?"

#23 Nondo_za_Sheria
Waliosaini makubaliano ya Februari 1997, yaliyosainiwa Atlanta, ni chemba ya Sialkot, Shirika la Kazi Duniani na UNICEF. FIFA ilikuwa upande wa shinikizo la nje. Hoja yako ya pigo naikubali.

Ila ongeza na gharama zake. Ili watoto wazuiwe, ushonaji ulihamishwa kutoka majumbani kwenda vituo vinavyoweza kukaguliwa. Kwa mtoto hilo ni haki. Kwa mama aliyekuwa akishonea nyumbani huku akilea, kituo cha mbali kilimaanisha kuacha kazi, hadi vituo vya wanawake vilipoanza kufunguliwa. Chama kililiokoa soko la mji mzima, na bado mdogo kuliko wote akalipa.

#24 MamaKiwanda
#23 umesema kitu ambacho nimekuwa nikitafuta maneno yake kwa miaka.

#25 Kiatu_Pekee
Nyote mmeisifu au kuilaumu serikali na chama. Mimi namtaja mnunuzi. Natengeneza soli, kwa hiyo nimefuatilia habari za viatu. Bonde la Sinos, kusini mwa Brazil. Maonyesho yao ya viatu yalianza 1963, na waandaaji wakawavuta wanunuzi wa Marekani waje wajionee. Ikafanikiwa kupita matarajio. Viwanda vidogo vikakua, vingine vikawa vikubwa sana.

Miaka ya 1990 viatu vya China vikaingia Marekani kwa bei ya chini. Vyama vya bonde lile, vya ngozi, vya mashine, vya viatu, vikataka mpango wa pamoja: ubunifu wao wenyewe, majina yao wenyewe, masoko mapya. Mpango ulikwama. Vile viwanda vikubwa vichache vilikuwa vinamuuzia mnunuzi mmoja mkubwa wa nje, na mnunuzi huyo asingependa kuona wauzaji wake wanajifunza kubuni na kuuza wenyewe. Wakubwa wakarudi nyuma. Wadogo hawakuwa na ubavu wa kuendelea bila wao.

Chama kinaweza kuwa na katibu mwema, ada nzuri na ajenda safi, lakini kama mnunuzi amewashika wajumbe wakuu, ajenda inaishia mlangoni. Mzee Katibu, hayo ya simu ulizoogopa kuzikosa, nadhani nyuma ya simu zile kulikuwa na simu nyingine.

#26 Katibu_Mstaafu
Sikuwahi kulitazama hivyo, lakini nikikumbuka miaka miwili mahususi, linaingia kama ufunguo kwenye kufuli.

#27 Mzee wa Kontena
Mnamvunja moyo kijana. Kahawa ya Kolombia je? Wakulima wadogo laki tano na ushee, shirikisho moja tangu 1927. Yule mzee Juan Valdez aliyewaanzishia, mwenye baghala wake (mnyama wa punda na farasi), sasa dunia nzima inamjua.

#28 Bi_Shanga
Mzee wangu, Juan Valdez hakuwahi kuwepo 😊 Ni mhusika wa tangazo aliyebuniwa 1959. Watu mbalimbali wamevaa kofia yake.

#29 Mzee wa Kontena
Miaka yote hii! Basi hoja yangu imepata nguvu. Mkulima mmoja asingeweza kumzaa Juan Valdez. Shirikisho ndilo lililomzaa.

#30 Kiatu_Pekee
Kwa hilo nakuunga mkono, mzee. Ila tazama wanavyolipia: mchango unakatwa kwa kila ratili ya kahawa inayotoka nje, kwa sheria, senti 6 za dola. Hakuna anayekwepa, kwa hiyo hakuna anayekula bila kuchanga. Na mkulima ana uhakika wa kukuta mnunuzi, kwa kuwa shirikisho linanunua kwa bei ya soko hata wengine wakikimbia. Kile si chama cha ada kama cha NgoziNaUzi. Ni karibu na dola ndogo ndani ya dola. Ukichukua sura yake bila fedha zake unabaki na baghala tu.

#31 Wakala_wa_Shehena
Na ni bidhaa moja. Kahawa inafanana, tangazo moja linawabeba wote. Mikoba ya ngozi ya karakana 40 tofauti utaitangaza kwa jina gani? Anayeshona vibaya atakula jina la anayeshona vizuri. Ni ile chupa ya dawa ya Shamba_Darasa.

#32 Mhasibu07
Nimeuweka uzi mzima mbele yangu. Bi_Shanga anasema ni kuaminiana. Wakala anasema ni siku na karatasi. MamaKiwanda anasema ni geti. Jicho anasema ni pigo. Kiatu anasema ni mnunuzi. Mzee Katibu anasema faida inavuja, na nani analipa ndiye anasikilizwa. Mimi bado nashikilia kwamba sehemu kubwa ni kujichagua, ila nimepungua uhakika. Hizi zote zinaweza kuwa kweli mahali tofauti, na hilo linanisumbua kwa sababu haliniruhusu kumwambia NgoziNaUzi lipa au usilipe.

#33 Kiatu_Pekee
Haziwezi kuwa kweli zote kwa pamoja. Kama mnunuzi ndiye anayeamua, basi kuaminiana kwa Bi_Shanga ni bahati iliyoachwa kwa sababu oda zao ni ndogo mno kumshughulisha mtu.

#34 Bi_Shanga
Bahati iliyolipa karo za wanangu wawili, kaka. Usiidharau.

#35 Kiatu_Pekee
Siidharau, dada, samahani. Nasema inaishi hadi itakapokua.

#36 Wakala_wa_Shehena
Jambo la kufuatilia kabla uzi haujazama: mkataba wa Shirika la Biashara Duniani wa kurahisisha biashara ulianza kutumika tarehe 22 Februari 2017, na unazitaka nchi ziwe na kamati ya kitaifa ya kazi hiyo. Kwenye kamati nyingi sekta binafsi hukaa kupitia vyama. Muulizeni katibu wenu: nani anatuwakilisha pale, na mara ya mwisho alipeleka lalamiko la mtu mwenye katoni nne ilikuwa lini?

#37 NgoziNaUzi
Wakuu, asanteni. Nimeyanakili mengi kwenye daftari na leo nimekwenda ofisini kwao kabla ya kulipa. Mrejesho ni huu.

Nimemuuliza katibu swali la Mhasibu07. Amenyamaza, akafungua kabati, tukahesabu pamoja kwa majina. Katika miaka mitano wamejiunga 22 wasiowahi kuuza nje. Wanaouza leo ni 5. Katika hao, 3 walipata oda ya kwanza kupitia mwanachama mwingine, kama Bi_Shanga. Mmoja kupitia maonyesho. Mmoja hajui ilikujaje.

Swali la Wakala kuhusu kamati: mwakilishi ni mwenye kiwanda cha kuchakata ngozi. Yeye anauza nje ngozi zilizochakatwa nusu, ile ile ngozi ninayoitafuta mimi na kuikosa. Nilipouliza kama aliwahi kuzungumzia ugavi wa ngozi kwa karakana ndogo, katibu aliangalia dirishani.

Sijalipa. Nimewaomba namba za wale watano, wamenipa watatu. Kesho naanza kupiga simu.

#38 Kiatu_Pekee
Muuza ngozi anawawakilisha washona ngozi! Hapo umeona mnunuzi na muuzaji wako wote wawili wamekaa juu yako. Usilipe.

#39 Katibu_Mstaafu
Mimi ningelipa. Katibu anayefungua kabati na kuhesabu na wewe kwa majina ni wachache sana. Mimi nisingelifungua.

#40 Mhasibu07
5 kati ya 22, na hatujui kati ya wasiojiunga wangapi wameanza kuuza nje ndani ya miaka hiyo mitano. Kuna mtu anaweza kuipata hiyo?

#41 Bi_Shanga
NgoziNaUzi, ukiwapigia hao watatu usiwaulize kuhusu chama. Waulize oda ya kwanza waligawana na nani, na kama bado wanaongea.

#42 NgoziNaUzi
Nimeandika, dada. Nitaleta majibu hapa hapa.